Mkasi wa Mama na Dakika Tisa

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na wateja wanauogopa mdomo wake kuliko sindano zake. Lakini yeye na dada yake mkubwa, anayekaa upande wa pili wa mji, walikuwa hawajaongea kwa simu miaka kumi na miwili. Walikuwa wakibipiana tu. Mlio mmoja asubuhi: nimeamka mzima. Miwili mchana: nimekula. Mitatu: acha ulichoshika, uje. Hakuna aliyewahi kupokea.

Ndipo akaja mtafiti wa chuo, bwana mwenye miwani, aliyechunguza simu zinavyougeuza undugu. Akampa shangazi daftari la kuandika kila simu aliyoongea na dakika zake. Baada ya wiki akalisoma, akaingiwa na huruma.

"Mama, dada yako hana hata dakika moja humu. Mmegombana?"

"Nani kakwambia?"

"Daftari."

Shangazi aliona aibu kubwa. Aandikwe kwa wasomi kwamba ametengana na ndugu yake wa tumbo moja! Papo hapo akapiga, na safari hii hakukata.

"Nani kafa?" dada mtu akauliza, roho juu.

"Hakuna. Tuongee tu."

"Tuongee nini?"

Ili mradi waongee, shangazi akauliza mkasi wa marehemu mama yao uko wapi. Dakika ya tatu walishafukua ugomvi wa usichana wao. Ya tisa, dada mtu akakata kwa hasira.

"Dakika tisa!" mtafiti akashangilia.

Kesho yake mlio haukuja, asubuhi wala mchana. Shangazi alishona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, na hakumfokea mtu. Hapo nikajua ameumia.

Siku ya tatu mtafiti alikuwa kwenye benchi akitueleza kwamba utafiti ujao utahusu simu za video. Shangazi akachukua simu yake, akabipu mara moja, akaiweka mezani. Mguu wake ulisimama juu ya kanyagio.

Simu ikalia. Ikalia tena.

"Pokea, mama!" Mtafiti akanyoosha mkono. Shangazi akauchapa kwa rula.

Ikalia mara ya tatu, ikakatika. Shangazi alitoka mbio, utepe wa kupimia shingoni na pini mdomoni, akamwacha mteja na gauni lisilo na mgongo.

"Kasema nini?" mtafiti akaniuliza.

"Kasema aje."

Akafungua daftari kwenye safu ya dakika, akakaa na kalamu hewani.

Jioni shangazi alirudi, na mkasi wa mama mkononi.