Sukuma Kidogo, Ng'wanone

Generoza alikuwa mwoga tangu utotoni na hakuona haya kulisema. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, na kuliko vyote aliogopa kuharibu kazi ya watu. Ndiyo maana Januarius, msimamizi wake, alimpenda. Alisema karani mwoga haruki maswali. Alichosahau Januarius ni kwamba mwoga naye huchoka, na akichoka hutafuta njia ya mkato kama sisi wengine wote.

Alikuwa na miezi minane tu Bariadi. Alitoka Karagwe kumfuata mumewe, mwalimu, na Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu. Kazi aliipata kwenye kampuni moja ya pamba. Tangu biashara ya pamba iachiwe watu binafsi, kila kampuni iligombania wakulima wake, na hii ilitaka kujua hata wanakoishi, kwa sababu wateja wake wa ng'ambo walikataa pamba iliyolimwa ndani ya pori la akiba. Basi Generoza akapewa kishikwambi chenye ramani. Katika ramani hiyo mpaka wa pori ulikuwa mstari mwembamba wa kijani, na kila kaya ilikuwa alama nyekundu.

"Pointi inachukuliwa mlangoni," Januarius aliwaambia makarani wote. "Unasimama mlangoni kwa mtu, unasubiri mitambo ya angani ikuone, unabonyeza. Basi."

Ila kile kishikwambi kilikuwa na kitufe kingine, cha dharura. Ukikibonyeza, unaweza kuweka alama kwa kidole popote pale, hata ukiwa umekaa kibarazani unakunywa chai.

Siku ya mnada, mvua ilikuwa imejaza korongo na pikipiki hazivuki. Wakulima wenyewe walikuwa wamekwisha vuka alfajiri kwa miguu, nguo mabegani. Generoza alilitazama lile maji, akaingiwa na hofu, akaenda kukaa kwenye kibaraza cha duka. Asubuhi moja akaandikisha watu tisa.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwembamba, Milembe.

"Mwangaluka, mayu," Generoza alimwamkia kwa Kisukuma chake chote.

"Mwangaluka, ng'wanone." Bibi alicheka kwa furaha, akamwita mwanangu mara tatu kabla hajakaa.

Alijibu kila swali. Kaya yake ni ya tangu enzi za mumewe, ambaye kaburi lake liko kando ya zizi. Pori hajawahi kulima, hata jembe moja. Kisha Generoza akamwonyesha picha ya angani, na bibi, macho yakiwa karibu kugusa kioo, akalitambua lambo la kunyweshea ng'ombe.

"Lambo letu hilo!"

"Sasa kwako wapi, mama? Hapa?" Generoza aliweka alama chini kidogo ya lambo, palipokuwa na weupe kama uwanja wa nyumba.

"Sukuma," alisema bibi.

Generoza akaisukuma alama kwa kidole, ikashuka.

"Hapa?"

"Aa. Sukuma, ng'wanone. Sukuma ya lambo."

Akasukuma tena. Bibi akanyamaza, kwa adabu, akidhani binti wa ofisini anajua kazi yake. Alama ilikuwa imeuvuka ule mstari wa kijani. Generoza aliuona. Alishtuka kidogo, kisha watu wa foleni wakakohoa, naye akabonyeza kuhifadhi.

Wiki mbili baadaye, saa tatu asubuhi, Januarius aliingia ofisini na karatasi.

"Kaya tisa zimeangukia ndani ya pori," alisema. "Majina nimeshawapelekea watu wa pori na mwenyekiti wa kitongoji. Gari la kupiga alama za X kwenye nyumba za kubomolewa linaondoka saa sita."

Jina la kwanza lilikuwa la Milembe. Generoza hakuwahi kufika kwa yule bibi. Hakuujua mlango wake, wala zizi, wala kaburi. Alitaka kusema, lakini kusema kulikuwa kupoteza kazi. Akadanganya kwamba ana homa, akatia kishikwambi mkobani, akatoka kutafuta bodaboda.

Dereva aliitwa Mashimba, mtu mzima mwenye maneno mengi. Korongo lilikuwa limekauka. Njia nzima Generoza alikuwa akitazama nyuma kama gari linakuja, na ili hofu isimzibe pumzi akauliza swali la kwanza lililomjia.

"Kaka, bibi wa huku akikwambia sukuma, sukuma, anataka usukume nini?"

Mashimba alicheka mpaka pikipiki ikayumba.

"Dada, si kusukuma! Sukuma ni upande. Huko." Alinyoosha mkono wa kushoto, kaskazini. "Na huko kwingine, kusini, ni dakama. Sisi wenyewe tunaitwa Wasukuma kwa nini, unadhani? Kwa kusukuma mikokoteni?"

Generoza hakucheka. Alishika shati la Mashimba kwa mikono miwili. Bibi alikuwa amemwambia kwake ni kaskazini ya lambo, upande wa juu wa ramani, mbali na pori. Naye, kila alipoambiwa kaskazini, alimpeleka kusini kwa kidole chake mwenyewe.

"Kimbiza, kaka," alisema, yeye aliyekuwa akiwaomba madereva wote waende polepole.

Walilikuta lambo, wakapinda kaskazini. Gari lilikuwa halijafika, lakini karatasi ya mwenyekiti ilikuwa imetangulia. Bujiku, mwana wa Milembe, alikuwa juu ya nyumba aking'oa bati la mwisho ili lisije likaharibiwa. Mabati mengine yalikuwa kwenye mkokoteni. Mlango nao ulikuwa huko, umelazwa juu ya magunia. Bibi alikuwa ameketi kando ya kaburi la mumewe, mikono mapajani.

"Shuka!" Generoza alipiga kelele, akilia. "Shuka, kaka! Nyumba yenu haimo porini! Ni mimi. Niliambiwa sukuma, nikasukuma!"

Bujiku alishuka na nyundo mkononi, na Generoza aliogopa ile nyundo kuliko alivyowahi kuogopa radi. Hata hivyo alikwenda akasimama pale mlango ulipokuwa. Akasubiri mitambo imwone, kosa la kipimo likipungua kwenye kioo. Mita ishirini. Mita tisa. Mita nne. Akabonyeza. Alama nyekundu ikasimama kaskazini ya lambo, mbali kabisa na ule mstari wa kijani, na mtandao ukakubali kuituma. Akampigia Januarius, akakiri kosa la nyumba ya bibi bila kupumua. Januarius akasema gari limeshaondoka, atawapigia waliomo wairuke hiyo nyumba.

Kishikwambi kikauliza swali la mwisho: paa ni la nyasi, bati, vigae, au hakuna. Generoza aliinua macho akaliona wingu la mvua juu ya kuta. Akachagua hakuna.

Milembe aliinuka, akaja polepole, akamshika mkono. Hakumkaripia. Alimweleza Bujiku jambo kwa Kisukuma, na Bujiku akaanza kuyashusha mabati kutoka kwenye mkokoteni.

"Wewe ni mgeni, ng'wanone," alisema bibi. "Na Mhoja, wa pale ng'ambo? Siku ya mnada alikaa nyuma yangu. Na mzee Constantine. Na mjane wa kisimani. Wote kwao ni sukuma ya lambo." Alimtazama usoni. "Na wao uliwasukuma?"

Upande wa barabara, gari lilisikika likibadilisha gia.