Lagimaina na Figo za Jumatatu

Saa moja asubuhi, Alhamisi, Lagimaina Seuseu anafunga mpira kwenye mkono wa mpwa wake Vaelua na kuutafuta mshipa. Anasaka kwa muda, maana mkono wa mcheza raga una nyama nyingi.

"Kunja ngumi. Sijasema unipige, nimesema kunja."

"Toa haraka tu, shangazi. Nishaambiwa nakufa."

"Nani kakwambia?"

"Karatasi yako."

Karatasi hiyo ilitoka Jumatatu. Ilisema figo za Vaelua zinachuja kwa kiwango cha 54, na chini ya 60 ni cha kutia wasiwasi. Kaka yake alizikwa mwaka juzi baada ya miezi mingi ya kusafishwa damu kwa mashine, kwa hiyo kijana hakuuliza swali. Alimwambia mkewe nafasi yake ya kwenda New Zealand kuvuna matofaa apewe mwingine. Orodha inafungwa kesho.

Lagimaina amechukua damu katika zahanati hii ya kisiwa cha Savai'i kwa miaka kumi na tisa. Jioni ya Jumatatu hiyo alimfuata mpwa wake nyumbani, akamkuta anakula nyama ya ng'ombe iliyobaki kwenye msiba wa jirani.

"Nikamuuliza, asubuhi kabla ya kuja kwangu ulikula nini? Akasema, hii hii, sahani mbili," anasimulia.

Damu hupimwa kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa mwilini. Ikizidi, kiwango cha kuchuja huhesabiwa kuwa cha chini, na figo zinashukiwa. Lakini nyama iliyopikwa nayo huiongeza kwa saa kadhaa, na mwenye misuli mingi huwa nayo nyingi hata akiwa mzima. Sasa huku kwetu nani anakataa nyama ya Jumapili, au ya msiba? Jumatatu tunaamka tunamalizia mabaki, kisha haoo zahanati, kwa sababu Jumatatu ndiyo siku ya vipimo.

"Siku hiyo niliipanga mimi," anasema Lagimaina. "Habari ya nyama nilifundishwa, nikaisahau. Inaniuma. Sijui nimewatisha wangapi."

Akamwamuru Vaelua ale magimbi na ndizi za kuchemsha kwa siku mbili, kisha alete mkojo wa kwanza wa asubuhi. Mkojo huonyesha kama figo zinavujisha protini, hata pale damu inapoonekana safi.

"Mkewe kanipigia simu: umemfanya nini mume wangu, usiku anaota ng'ombe."

Saa tisa alasiri majibu yanarudi kutoka hospitali. Kiwango cha kuchuja ni 73. Mkojo hauna protini. Vaelua anasoma mara mbili, kisha anamwinamia shangazi yake na kulia begani pake.

"Usinilowanishe. Nenda kaandikishe jina. Na baada ya miezi mitatu upimwe tena huko huko New Zealand, kipimo kimoja hakimhukumu mtu."

Kuanzia wiki ijayo vipimo vya figo vitakuwa Alhamisi, na Jumapili Lagimaina atalitangaza hilo kwa kamati ya akina mama. Ameshaandika majina ya watu ishirini na sita waliopewa karatasi mbaya siku za Jumatatu. Wapo ambao kweli wanaumwa, anasema, na hao anataka kuwawahi.

Jina la kwanza ni lake. Karatasi yake ya 57 ameificha ndani ya Biblia tangu mwaka jana, hata mumewe hajui.

"Niliogopa, basi," anasema. "Alhamisi ijayo ngumi nakunja mimi."