Dawa ya Uvimbe Wenye Haraka

Siku yangu ya kwanza katika hospitali ya Isiolo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilivaa viatu vyeupe. Nilitoka Meru kwenye baridi na nyasi, na hakuna aliyeniambia habari za vumbi la huku. Kabla ya chai vilikuwa na rangi ya udongo. Metroni, mkuu wa wauguzi, mama mwenye sauti ya kuamsha wafu, alinitazama miguuni. "Sista, hapa viatu ni vya kutembelea, si vya kuonyesha. Nenda wodi ya watoto." Nikaenda, na huko ndiko nilikotumikia sehemu kubwa ya maisha yangu.

Katika wodi hiyo nilikutana na uvimbe wa taya. Ni saratani ya watoto, hasa wa sehemu zenye malaria nyingi, kama Kinna na Rapsu kwenye mifereji ya kumwagilia mashamba. Saratani nyingine hujikokota, hii hukimbia. Mtoto huanza na jino kulegea, na kabla mwezi mwingine haujaandama shavu limefura hadi jicho halifunguki. Sijauguza nyingine kali kama hiyo.

Ajabu ni kwamba ukali huo ndio uliotupa nafasi. Daktari wa utafiti, aliyetujia kutoka Nairobi na sanduku lake la barafu la kubebea vipimo, alinieleza kwamba seli, yaani zile chembe hai za mwili, zinapougua saratani hii hugawanyika bila kupumzika. Dawa aliyokuwa akiijaribu iliipiga seli wakati inapogawanyika. "Dawa haimjui mbaya, Sista," aliniambia. "Inamjua mwenye haraka." Ndiyo maana nywele za watoto zilinyonyoka na matumbo yakachafuka, kwa kuwa huko nako seli zina haraka. Yeye alitafuta dawa ipi, na kwa kipimo kipi, ingeua uvimbe na kumwacha mtoto. Mimi nilipima uvimbe kwa utepe kila asubuhi, nikapima mkojo, na nikashika bakuli la matapishi.

Ndipo Mzee Jillo wa Kinna alipomleta mwanawe Guyo, mchunga mbuzi ambaye meno ya utoto yalikuwa hayajamwisha. Shavu lilikuwa na makovu ya moto, maana walishajaribu kuuchoma uvimbe kwa chuma kama ilivyo desturi. Sikumlaumu; mzazi hutumia alicho nacho. Tulimpa sindano, na kesho yake uvimbe ukaanza kunywea. Nilifurahi mapema mno.

Uvimbe ukifa kwa kasi, mabaki yake huingia kwenye damu na kuziba figo, isipokuwa mgonjwa apate maji mengi ya kuyasukuma nje. Chupa za dripu zilikuwa zimekwisha, na lori la kuleta nyingine lilikwama kwenye lugga, mto wa msimu, uliofurika. Ilibidi Guyo anywe, na Guyo hakunywa. Nilibembeleza, nikagomba, nikatia sukari. Alifumba mdomo akatazama mlango. Mkojo ukapungua, ukawa mweusi kama chai ya rangi. "Asipokunywa leo," Daktari wa utafiti alisema, "tutakuwa tumeua ugonjwa pamoja na mtoto."

Nilitoka hadi uani, alikokuwa Mzee Jillo na mbuzi wawili aliokuja nao.

"Salaam aleikum, mzee. Mtoto anakataa maji. Mdomo unamuuma?"

"Aleikum salaam, Sista. Hapana uma. Yeye anangoja mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Kwetu mchungaji hakunywi maji mbele ya mifugo. Mbuzi akishiba, ndio yeye anakunywa. Mimi mwenyewe nilimfundisha, na fimbo." Macho yake yalilengwa na machozi. "Sasa nikimwambia kunywa, anafikiri baba anamjaribu tu."

"Basi lete mbuzi ndani."

Hatukuwa tumefika kitandani Metroni alipotokea. "Sista! Hii ni wodi ama ni soko ya mbuzi ya Oldonyiro?"

"Metroni, wacha mbuzi akunywe kwanza, halafu unifute kazi."

Alimtazama mtoto, akaitazama chupa ya mkojo, akaondoka. Alirudi na karai la maji amelibeba mwenyewe. Mungu amrehemu mama yule. Mbuzi alikunywa, na Guyo akamtazama kila funda. Mbuzi alipoinua kichwa, mtoto akanyoosha mkono kukitafuta kikombe. Tuliendelea hivyo mchana kutwa. Mbuzi wa kwanza aliposhiba akakataa hata kunusa, tulimleta wa pili. Jua lilipokuwa likishuka mkojo ulikuwa safi. Nimehudhuria harusi na ubatizo mwingi, lakini sijawahi kufurahi kama nilivyofurahi mbele ya chupa ile.

Guyo alipona. Miaka ya themanini nilipohamishiwa kituo cha afya cha Kinna, alikuwa kijana akipita na mifugo, na sikuacha kumpapasa taya mbele za watu hadi akaona haya. Nilikuwa na sababu. Katikati ya seli zenye haraka huwa kuna zilizolala, dawa huzipita, nazo huamka baadaye. Msichana wa Rapsu aliyelazwa kitanda kilichopakana na cha Guyo alirudi shavu limefura tena, na safari ile uvimbe haukusikia dawa. Nilimfumba macho mimi.

Sasa nimestaafu. Mpwa wangu anasomea mambo haya, naye huniambia wataalamu wanatafuta dawa itakayozitambua zile seli kali zenyewe na kuziacha nyingine. Huniuliza tulifanyaje bila mashine. Nami humwambia tulitumia dawa iliyopiga wengi ili impate mmoja, na tulishukuru kuwa nayo. Itafuteni iliyo bora, mwanangu. Mtoto apewe asubuhi, jioni akimbize mbuzi, na asihitajike sista wa kushika bakuli. Mimi nililishika hadi nikazoea, na sitaki mtu mwingine azoee.