Marashi ya Kanga ya Mama

Juzi hapa Mafinga, binti wa dukani alinipulizia mkononi manukato ya kila aina, na kila moja aliapa kwamba ndiyo hasa yanayofanana na niyatakayo. Yote yalinukia peremende. Nilitoka pale nimekereka, na bado nimekereka, kwa hiyo ngoja nikusimulie.

Miaka ya hamsini, kule Igowole, mama alifariki akamwacha mdogo wangu bado ananyonya. Mtoto yule hakulala bila kanga ya mama. Matanga yalipokwisha, jirani yetu, kwa huruma zake ambazo hakuna aliyemwomba, akaifua kwa sabuni ya mche na kuirudisha imekunjwa vizuri, harufu ya mama imekwisha. Tangu hapo hakuna aliyepata usingizi nyumbani.

Mama alikuwa akijipaka mafuta ya nyonyo, kisha tone la marashi aliyoletewa na baba kutoka mashamba ya mkonge. Marashi yalikuwa yamekwisha, na maandishi ya kichupa yamefutika. Bibi, aliyemzaa mama, akaichana kanga vipande, akavipaka nyonyo, akavitundika juu ya meko vishike moshi kama nguo za mama. Tukapanda lori la mbao hadi Iringa kuyatafuta marashi yale, mtoto mgongoni kwa bibi.

Dukani bibi alitaka kila marashi yadondoshewe kwenye kipande chake. Ananusa yeye, kisha ananipa mimi.

"Hii harufu ya padri. Lete nyingine," bibi alisema.

"Bibi, marashi hunuswa kwenye chupa, si kwenye moshi," mwenye duka akamwambia.

"Mwanangu hakukaa kwenye chupa."

Njaa ilikuwa inaniuma. Nilikuwa tayari kukubali lolote ili tuondoke, lakini bibi akanikazia macho: "Nusa vizuri." Halafu kikaja kipande kimoja, moyo ukanilipuka. Kilikuwa mama mwenyewe.

Jioni bibi alimfunika mtoto kwa kipande kile. Mtoto akakisukuma, akalia, akazamisha uso shingoni kwa bibi, penye harufu ya ugoro, akalala fofofo. Bibi alilia kuliko siku ya mazishi.

"Ameshamsahau," alisema.

Mdogo wangu sasa ana wajukuu, na kila tukikutana huniuliza mama alinukia vipi. Hunikasirisha sana swali hilo. Nyonyo hakuna anayekamua tena, tunapikia gesi, na marashi yale sijayaona popote. Namjibu tu, "Alinukia vizuri," naye ananitazama kama niliyemnyima kitu chake.