Rabo Iliyonunuliwa kwa Pesa za Mabati

Mvua ya kwanza ya mwaka ule naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ilitukuta ndani ya nyumba isiyo na paa. Ndiyo maana wewe, seremala kama babu yako, uliponijia juzi na simu yako, ukanionyesha rabo inayouzwa Ulaya, ukaniuliza, "Nyanya, bei hii inafaa kweli, ama ni wizi tu?" sikukujibu haraka. Ulidhani sijaelewa. Nilielewa. Mke wa seremala anajua rabo ni nini, hata wale wanaoiita randa wakija kwake hawampotezi. Nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia.

Basi nianzie kwenye nyumba ile.

Nilikuwa bado kijana, ndoa yangu changa, na mtoto mmoja, Riziki, aliyekuwa hajaanza kutembea. Mume wangu Byamungu, huyu babu yako unayemwona akiota jua pale uani, alifanya useremala kule Kalundu, karibu na bandari, pamoja na baba yake, Mzee Kiza. Mzee alikuwa fundi wa mitumbwi mikubwa ya mbao. Byamungu yeye alipenda milango, makabati na vitanda, kazi ambazo mtu anazipapasa kwa mkono kabla hajazisifu.

Tulikuwa tunajenga Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi. Kuta za matofali zilikwisha kusimama, kilichobaki ni mabati. Pesa zake tulizikusanya wote wawili. Yeye alileta za milango yake. Mimi nilivuka mpaka na ndagala, samaki wadogo wa ziwa, na unga wa muhogo, nikauza Bujumbura, nikarudi jioni miguu imevimba na mtoto mgongoni. Kila kilichopatikana nilikifunga kwenye kitambaa, nikakifukia chini ya unga ndani ya ndoo. Mwenye chumba tulichokuwa tumepanga alipotaka chumba chake, tukahamia kwenye nyumba yetu hivyo hivyo. Juu tulitandika shitingi, ile plastiki ngumu, tukaibana kwa mawe. Tuliambiana kwamba mabati yatafika kabla ya mvua.

Siku moja Byamungu akarudi mapema kuliko kawaida, amebeba kitu kimefungwa kwa gunia. Alikiweka mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Akafungua. Ilikuwa rabo ya chuma, nzito, mpini wake wa mbao nyekundu umelainishwa na mikono ya mtu mwingine. Mzungu mmoja wa ng'ambo ya mpaka alikuwa amefunga karakana yake, anarudi kwao, na mchuuzi alikuwa anauza vyombo vyake kimoja kimoja.

"Una rabo tayari," nikamwambia.

"Ile si rabo, mama Riziki. Kisu chake kinacheza. Ninapiga mbao siku nzima, jioni mabega yanawaka moto, na mbao bado iko na makovu. Hii, ukiinoa leo, wiki inapita bado inakata."

Alizungumza kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu siku Riziki alipozaliwa. Na mimi, badala ya kufurahi naye, nilikwenda moja kwa moja kwenye ndoo. Kitambaa kilikuwepo. Kilikuwa kimekunjwa vizuri, na ndani hakukuwa na kitu.

"Ile pesa ya mabati iko wapi, baba Riziki?"

"Itarudi. Kazi itairudisha. Weye subiri kidogo tu."

"Na mvua nayo itasubiri?"

Alianza kuifunga rabo kwenye gunia lake, na nilisema neno ambalo wanawake wengi husema wakikasirika: kwamba ameacha mtoto wake alale nje kwa ajili ya kipande cha chuma.

Mvua haikusubiri, mwanangu. Unaijua mvua ya huku, inavyoshuka kutoka milimani kama imetumwa. Upepo uliikunja shitingi upande mmoja, maji yakaingia kitandani. Tulikaa tumejibana kwenye kona, Byamungu ameshika ncha ya plastiki juu ya vichwa vyetu kwa mikono yake miwili hadi mvua ilipotulia. Riziki alianza kukohoa kesho yake. Kikohozi kikashuka kifuani, akawa anapumua kwa kuvuta mbavu, tukamkimbiza lopitali. Daktari akasema mapafu yamepigwa na baridi na maradhi.

Sitakueleza siku za lopitali. Mzazi aliyekaa kwenye mkeka kando ya kitanda cha mtoto anazijua, na asiyekaa namwombea asikae. Mungu alitusaidia, homa ikashuka. Lakini siku tulipotoka, sikurudi Kavimvira. Nilipanda lori la wafanyabiashara wa mchele, nikaenda kwa wazazi wangu Lubarika. Byamungu alisimama barabarani akiangalia lori likiondoka. Hakunizuia. Nadhani aliona hana mdomo wa kunizuia nao.

Nilikaa Lubarika hadi mihogo iliyopandwa siku nilizofika ikawa imeanza kutoa majani. Baba yangu hakuniuliza mengi. Halafu akaja Mzee Kiza.

Kwetu, mkwe na baba mkwe hawakaribiani ovyo. Kila mmoja anamwekea mwenzake heshima ya umbali. Kwa hiyo nilipomwona mzee yule anashuka kwenye baiskeli, viatu vimejaa vumbi la barabara ya bondeni, nilijua hakuja kwa mambo madogo. Alikaa kwanza na baba yangu, wakaulizana habari za mashamba na za ziwa. Kisha akaomba niitwe, na mama yangu awepo.

"Mama Riziki," akasema, macho ameyaelekeza chini, "sikuja kukuchukua kwa nguvu. Minye naomba kitu kimoja tu. Kuya ku ateliye, ushike ile rabo na mikono yako. Kiisha utasema yenye iko mu roho yako. Ukitaka kurudi huku, minye mwenyewe nitakurudisha."

Nilimtazama mama. Mama akasema, "Enda, mwanangu. Kushika si kukubali."

Tukaenda, mama akiwa amembeba Riziki. Wanawake hatukuwa na desturi ya kuingia ateliye ile, karakana yao. Tulileta chakula, tukakiacha mlangoni. Siku ile niliingia hadi kwenye meza ya kazi. Byamungu alikuwepo, amekonda, akanisalimu kwa sauti ya chini kama mgeni. Mzee akabana ubao wa mvule kwenye meza, ubao mkorofi, nyuzi zake zimesokotana huku na huku, akanipa kwanza rabo ya zamani.

Nilisukuma. Ikakwama. Nikasukuma kwa nguvu, ikaruka, ikang'oa kipande cha mbao kama jino. Mzee akarekebisha kisu, akakikaza, akanirudishia. Nikajaribu tena. Muda mfupi tu mikono ilitetemeka, kifua kikawa juu, na pale nilipopita palikuwa kama pametafunwa na panya. Nikakumbuka jinsi Byamungu alivyokuwa akishindwa kuinua kikombe baadhi ya jioni, nami nilidhani ni uvivu wa kuchoka.

Kisha akanipa ile nyingine. Ilikuwa nzito, nikaogopa. Lakini nilipoisukuma, uzito wake ndio uliofanya kazi, mimi niliiongoza tu. Ikatoa sauti moja ndefu, kama kitenge kinachochanwa, na utepe mwembamba wa mbao ukapanda ukajikunja juu ya vidole vyangu. Nikapapasa ubao. Ulikuwa laini kama shavu la mtoto.

Niseme ukweli, nilikasirika zaidi. Ingekuwa mbaya, ningejua la kufanya. Ilikuwa nzuri.

"Umeona?" Mzee akauliza.

"Nimeona, baba."

Akamgeukia mwanawe. Hakupandisha sauti, na kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akiipandisha. "Byamungu, chombo hiki iko kizuri. Minye nikiwa kijana ningekitamani. Lakini bei yake si weye uliyelipa. Amelipa huyu mama, na mutoto wake amelipa zaidi. Ungewaleta hapa mbele, ukawaonyesha kama vile nimewaonyesha leo, labda wangekupa wenyewe. Chombo cha kununua mu siri ni kama bibi wa pili. Hata akiwa na tabia nzuri namna gani, nyumba itamuchukia."

Byamungu alikuwa ameshika ukingo wa meza. Akasema, "Niliogopa atakataa, baba."

"Basi ulijua pesa haikukuwa yako."

Halafu akageuka upande wangu, bado bila kunitazama usoni. "Na weye, mama Riziki, usiseme tena kwamba hiki ni kipande cha chuma. Ukisema vile, unamuambia bwana yako kwamba mabega yake ni bure. Sasa, mwenye kulipa ndiye mwenye kusema. Kiuzwe, ama kibaki?"

Sikuwa nimetegemea kuulizwa. Nilimwangalia Riziki mgongoni mwa mama yangu, anapumua mdomo wazi. Nikafikiri: tukiiuza kwa haraka, tutapata nusu ya tuliyotoa, na nusu haifuniki nyumba. Tutakuwa hatuna rabo wala paa. Nikasema, "Ibaki. Lakini hadi bati la mwisho lipigwe msumari, kila itakachokileta rabo hii kitapita mkononi mwangu. Na mtoto halali tena chini ya shitingi."

"Watalala kwangu," akasema Mzee.

"Itakuwa vile," akasema Byamungu. Ndipo akaniangalia.

Ilichukua muda. Watu hudhani chombo kizuri kinaleta kazi siku hiyo hiyo. Hakileti. Kwanza lazima watu waone kazi yako ya kwanza, waitilie shaka, waende kwingine, warudi. Aliyetufungulia njia ni mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, Mwislamu wa zile familia za zamani za mjini, aliyekuwa na mbao za mvule ambazo mafundi wengine walizikataa kwa ukorofi wake. Byamungu akamtengenezea milango ya duka na meza ndefu ya kupimia vitambaa. Wanawake waliokwenda kununua vitenge walikuwa wanaipapasa meza kwanza, wanauliza ni nani aliyeifanya. Kwa pesa hizo tukaezeka chumba cha mtoto. Vyumba vingine vikafuata, na mvua za mwaka uliofuata zilipokuja, nilikaa ndani nikizisikiliza zikigonga mabati.

Lakini Riziki, mama yako mkubwa, unamwona hadi leo mvua zikianza anavyojifunga khanga kifuani na kutembea polepole. Kifua kile hakikurudi kama zamani. Rabo imetulipa paa, imetulipa karo za shule, imemfanya babu yako ajulikane hadi Bujumbura. Hilo la Riziki haikulipa.

Na usifikiri babu yako alipona kabisa ugonjwa wa vyombo. Baadaye, safari hii akiwa ameniuliza kwanza, alinunua seti nzima ya patasi za Ulaya, zinang'aa, kila moja na kifuniko chake. Alitumia moja ile pana. Nyingine zilishika kutu ndani ya sanduku, na tulicheka wote wawili, kwa sababu tulikosea wote wawili. Nyundo nayo alinunua ya bei kubwa, halafu akarudia ile aliyofuliwa na mhunzi wa huku, akisema msumari haujui tofauti. Mara nyingine tena pale mpakani wakamuuzia msumeno wenye rangi na maandishi ya kifahari, akaunoa mara moja, meno yakalala kama ya mzee. Bei ilikuwa ya juu, chuma kilikuwa cha sufuria.

Sasa nakujibu, mwanangu. Hiyo rabo uliyonionyesha inaweza kufaa bei yake. Usimsikilize anayesema kila kitu cha bei kubwa ni majivuno, maana hajasukuma ile nyingine siku nzima. Ila usiitazame kwenye simu tu. Tafuta fundi aliye nayo, umwombe uishike, uipitishe kwenye ubao mbaya kabisa alio nao, si ubao mzuri. Fanya kwanza kazi na uliyo nayo, uinoe vizuri, hadi ujue wewe mwenyewe inakushinda wapi. Wengi wanalaumu chombo na hawajawahi kukinoa. Ukishajua, weka pesa nyingi kwenye kile unachokishika kila siku na kinachoumiza mwili wako kikiwa kibaya. Vingine vyote chukua vya kawaida.

Na zaidi ya yote, angalia pesa inatoka wapi. Ikiwa ni ya chakula, ya dawa, au ya paa, acha kwanza. Chuma hakiozi haraka, kitakungoja. Ikiwa ni ya ninyi wawili, mpeleke mkeo karakanani, umpe chombo akisukume kwa mikono yake, umwambie bei bila kuipunguza hata kidogo. Akikubali, utakuwa umenunua chombo ambacho hata yeye atakifuta vumbi ukiwa umelala. Akikataa, msikilize sababu yake hadi mwisho.

Mwenyezi Mungu akupe mabega yasiyochoka upesi na macho yanayoona nyuzi za mbao zinakoelekea. Akupe kazi ambayo watu wataipapasa kabla hawajakulipa. Amjalie mkeo akwambie ukweli, na wewe uwe na masikio ya kumsikia. Wanao walale pakavu, mwanangu, na wapumue vizuri hadi asubuhi.