Mawifi Wawili na Mdiria Mmoja

Fundi cherehani mmoja alikuwa na kibanda cha kushonea nyuma ya soko, na wifi yake aliuza dawa mtaa wa pili. Kamera walikuwa nayo moja, ya kushirikiana. Kila Jumapili walitoka na kikundi chao cha wapenda kupiga picha za ndege. Akiishika huyu, mwenzake anangoja zamu. Mwisho wa mwaka kikundi kilifanya mashindano ya kirafiki. Zawadi ilikuwa chupa ya chai, na utani wa kukutosha mwaka mzima.

Mwaka ule fundi alimtamani mdiria, yule ndege wa buluu anayevua samaki. Mumewe, kaka yake wifi, aliwapeleka bwawani kwa gari lake la mizigo, akatandika mkeka na kuuchapa usingizi papo hapo. Akaanza kukoroma.

"Kaka naye anaita ndege," wifi alinong'ona.

"Nyamaza, wifi, atakimbia."

"Nani, ndege au kaka?"

Zamu ilikuwa ya fundi, lakini alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akampa wifi kamera ili ajifute, na alipoinua macho akamwona mdiria anajitupa majini.

"Sasa, wifi! Piga!"

Wifi akabonyeza. Wakainamia kamera kuitazama picha: ndege anachomoka majini, samaki mdomoni, matone yametapakaa kama shanga zilizokatika uzi.

"Hii yako," wifi alisema. "Umemwona wewe."

"Kidole chako ndicho kilichobonyeza."

Walisukumiana picha hiyo njia nzima, maana kanuni ilikuwa picha moja, mwenyewe mmoja. Mume, mikono kwenye usukani, akapiga mwayo. "Kama hamuitaki, nipeni mimi."

Alikuwa anatania. Wao wakaipeleka kwa jina lake kweli.

Siku ya mashindano walikusanyika katika darasa la chekechea, magoti yakigusa videvu kwa udogo wa viti. Picha zilining'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Wakapiga kura, na mdiria akawaacha wengine mbali. Mwenyekiti, daktari wa meno mpenda maneno, akamwita mshindi mbele.

"Hongera, bwana. Hebu tuambie, huyu ni ndege gani?"

Mume akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dari. Mume akamtazama dada yake. Dada akapekua mkoba.

"Ni bata," mume alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Bata mdogo."

Darasa zima liliangua kicheko. Fundi akasimama, akaeleza yote bila kuficha, huku wifi akidakia kila alipopunguza chumvi. Mwenyekiti alifuta miwani yake, akamkabidhi mume chupa ya chai. "Chukua tu. Kuishi na hawa wawili ni kazi."

Sasa picha hiyo iko ukutani juu ya cherehani. Mteja akiuliza aliyeipiga, fundi humwelekeza duka la dawa. Akifika huko, wifi humrudisha kwa fundi.