Karatasi ya Mwalimu wa Sauti

Mwalimu wetu wa sauti za Kiingereza hatembei bila kipande cha karatasi laini kwenye mfuko wa shati. Hukishika mbele ya midomo, akatamka neno linaloanza na p, kikapepea. Akitanguliza s mbele ya hiyo p, kama katika "spin", kinatulia tuli. "Nani aliwafundisha watoto wa Waingereza hilo? Hakuna! Kanuni iko kichwani, mdomo ni tarishi tu." Ila ukimwambia unaumwa, anasikia irabu zako, homa haisikii.

Jana mkewe alitokea mlangoni mwa darasa, jasho linamtiririka. "Baba watoto, umetufungia nje na funguo umeondoka nazo! Sufuria iko motoni!" Mwalimu akafumba macho kama aliyeonjeshwa asali. "Mmesikia pumzi hiyo? Hebu mama, rudia polepole." Mama alimnyang'anya karatasi, akaiweka mbele ya midomo yake mwenyewe, akasema, "Funguo." Karatasi ikapepea hadi puani mwa mumewe, ikaanguka. Sisi mbavu hatuna. Mwalimu akapapasa mifuko yote, akampa funguo, mama akatoka mbio. Mwalimu akaokota karatasi yake, akaikung'uta vumbi, akatuuliza kwa unyonge, "Lakini ile f ya funguo mmeiona?"